Walimu wa Kiingereza hapa Mtwara, mbona mnawakosesha watoto majibu waliyopata?

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Mtwara mjini. Kwenye jaribio la juzi walipewa sentensi "Turn off the radio" (zima redio), wakaambiwa waondoe neno redio waweke kiwakilishi. Mtoto kaandika "Turn it off". Mwalimu kampiga kosa, na kwa wino mwekundu kamwandikia "Turn off it"!

Hakuna Mwingereza anayesema hivyo. "Turn off" ni "phrasal verb", yaani kitenzi kinachoungana na neno jingine dogo kikapata maana yake. Ukitaja redio yenyewe, una uhuru: "turn off the radio" au "turn the radio off", zote sawa. Ukiweka kiwakilishi, lazima kikae katikati. Lakini "look after" (tunza) haikubali kutenganishwa, utasema "look after him" basi. Kanuni zenyewe ni hizo. Kama mwalimu hazijui, aulize.

Nikafungua daftari lake. Kurasa nzima ni orodha: look for, tafuta, look into, chunguza, put off, ahirisha, put out, zima moto, put up with, vumilia. Sentensi hata moja hamna! Mtoto anakariri kama namba za simu, halafu mnashangaa akiandika "I look after my pen" wakati kalamu imempotea na anaitafuta.

Na msiniambie vitenzi hivi ni vigumu kwa Mswahili. Sisi tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga simu, tunapiga hodi, na hakuna anayepigwa. Mtoto wa miaka mitatu pale Chikongola anavielewa vyote kwa sababu anavisikia nyumbani vikitumika. Hata "put" ya Kiingereza inataka hivyo hivyo, isikike ndani ya maneno ya kila siku: mkutano umeahirishwa, moto umezimwa, kelele za jirani zinavumiliwa.

Wanafunzi hawa shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, fizikia Kiingereza, biolojia Kiingereza, na Novemba wa kidato cha pili unawasubiri mtihani wa taifa wa upimaji. Wengine kesho watatafuta kazi bandarini, meli za korosho zikiwa zinapakia. Mtu akipiga kelele "Look out!", kijana aliyekariri neno kwa neno atageuka kutazama nje, kumbe anaambiwa jihadhari, mzigo unashuka!

Huku kwetu kusini mjomba hakai kimya mtoto wa dada yake akionewa. Karatasi ninayo na shuleni naenda. Sitaki ugomvi na mwalimu, nataka alama ya mtoto irudishwe, na darasa zima liambiwe jibu sahihi, maana wenzake nao wameshanakili hilo "turn off it" kwenye madaftari yao.

Walimu wa Kiingereza mliomo humu, Mtwara, Lindi, Masasi, Newala: hizo orodha nani aliwaagiza mfundishe hivyo?