Wakuu mlioko California, leseni ya gari inatosha kuendeshea pikipiki?

Mgosi wa Sac: Habari za majukumu wakuu. Nipo Sacramento, leseni ya gari ninayo. Nimepata pikipiki kwa bei ya kutupa, niendee kazini, zamu ya usiku. Leseni inatosha? Kofia lazima? Jamaa yangu wa Illinois anasema kwao havai na hakamatwi. Nijibuni mapema, Jumatatu naingia kazini.

Bodaboda Mstaafu: Illinois kweli sheria haiwalazimishi. California kofia ni lazima, dereva na abiria, tangu 1992, na iwe na alama ya DOT, wizara ya usafirishaji ya Marekani. Mimi enzi za kijiwe cha Mwenge kofia ilikaa kwenye kiwiko, trafiki akitokea ndo inapanda kichwani. Siku moja nimepakia mishikaki...

Binti Pangani: Mstaafu, mada! Mgosi, unahitaji M1, leseni ya pikipiki. Ukifaulu mtihani wa maandishi, DMV (ofisi ya leseni na pleti) wanakupa kibali cha kujifunzia, na hicho hakiruhusu usiku, abiria wala friwei, zile barabara kuu za mwendo kasi. Zamu ya usiku utaiendaje?

Mama Junior: Una watoto wewe? Tafuta Corolla, uache kumtesa mkeo kwa presha.

Mpita Njia: Mbona aina ya pikipiki hutaji? Pleti namba inayo?

Mgosi wa Sac: Pleti haina. Ina stika ya kijani. Ila taa, indiketa na vioo nimeshaagiza, nafunga mwenyewe. Na napita mitaa ya nyuma.

Binti Pangani: Kumbe! Hiyo ni ya porini. Stika ya kijani ni ya kuchezea viwanja vya porini kama Prairie City huko, siyo barabarani. Soma kibandiko cha viwango vya moshi kwenye fremu: kikisema si ya barabarani, funga hata taa za ndege, DMV hawakupi pleti. Hata huko porini ekzosi iwe na kizuia cheche, na kelele isizidi desibeli 96 kwa zilizoundwa kuanzia 1986.

Mgosi wa Sac: Muuzaji kasema wengi wanafanya hivyo. Na hela nimeshatoa.

Mpita Njia: Hii chai, tena ya rangi. Juzi kwenye uzi wa parachichi ulikuwa Njombe unalia mvua haijanyesha.

Mgosi wa Sac: Shamba liko Njombe, analiangalia shemeji.

Bodaboda Mstaafu: Shemeji miche ya parachichi za Hass anauzaje? Nina eka mbili Rungwe.

Mpita Njia: Mods, uzi huu upelekeni Kilimo.