Mtaro wa soko la samaki kila mwaka haumo kwenye bajeti. Nifanyeje?

MuuzaNguru: Salaam wenyeji. Nauza samaki kwenye soko la mji mmoja mdogo hapa Pwani ya Kenya. Mtaro umeziba zamani. Ikifika saa nne maji ya samaki yashateremka hadi kwa mama wa mahamri, naye jiko lake kaliinua juu ya matofali. Miaka mitatu naenda kikao cha maoni ya bajeti. Tunatia sahihi, tunapewa soda, nasema dakika mbili, afisa anaandika. Bajeti ikitoka, mtaro haumo. Mwaka jana tulijengewa geti! Wiki ijayo tumeitwa tena. Niende, au nibaki na barafu yangu?

Kobe_Mkavu: Nenda, soda usiiache 😂

KaraniMstaafu: Mwanangu, wewe unafika karamuni masufuria yashaoshwa. Kikao cha Aprili ni cha makadirio, na hayo hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Viwango vya kila idara vilishapangwa kwenye waraka wa sera ya fedha, ule wa Februari 28. Na miradi yenyewe ilishaorodheshwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, unaopelekwa kufikia Septemba 1. Usipoonekana Julai na Agosti, Aprili unampigia kelele mtu ambaye mfuko wake ushagawanywa.

BiMizani: Shikamoo mzee. Kweli, lakini asiambiwe mwaka huu akae tu. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti nayo lazima isikilize wananchi kabla ya kupitisha. Ndugu, andika barua ukurasa mmoja kwa karani wa bunge: mtaro uko wapi, urefu wake, wachuuzi wangapi. Kusanyeni sahihi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ukisema kwa mdomo, ushahidi wako ni chupa ya soda.

Kobe_Mkavu: Muhuri hauzibui mtaro, dada.

BiMizani: Hauzibui. Ila mwakani hawatasema hamkuomba.

Mwana_wa_Wote: Uliza kwanza mtaro ni wa idara gani. Sisi tulizungushwa miezi: biashara wakasema ni wa kazi za umma, kazi za umma wakasema ni usafi. Pia omba nakala ya mpango wenyewe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Na pesa zikishatengwa usilale, kutengwa si kutolewa. Fuatilia ripoti za Msimamizi wa Bajeti, hutoka kila robo mwaka.

KaraniMstaafu: Marahaba Bi Mizani. Na wasiende mmoja mmoja. Makueni vikao huanzia kijijini, na mradi una kamati ya wakazi wenyewe wa kuukagua. Huku kwetu tangazo hubandikwa jana, kikao leo, saa ambayo mashua zinaingia.

MuuzaNguru: Ahsanteni. Nimepata ule mpango kwa msaidizi wa mwakilishi wadi. Soko letu limo! Limeandikwa "ukarabati", basi. Mahali pa kiasi pana kistari tu.

BiMizani: Mpeleke fundi kesho akapime, na hesabu yake uibane kwenye ile barua.

MuuzaNguru: Kesho ni bamvua, samaki watakuwa wengi. Keshokutwa inshallah.