Karakana ya mbao uani: msumeno wa meza, mashine ya pamoja au vifaa vya mkononi?

Uani_Tabata
Wakuu, nina mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, nataka karakana ya stuli, meza na kabati za jikoni. Umeme ni fezi moja. Kutoka mita ya LUKU hadi uani ni mita 30. Nimebaki na njia tatu:
a) mashine moja inayopasua, kuranda na kutoboa, mota ya kilowati 2.2
b) msumeno wa meza mdogo na randa ya umeme ya mkononi
c) msumeno wa mviringo wa mkononi unaopita kwenye reli, na mashine ya kuranda unene
Ipi inafaa?

Kapasita
Anza na waya, mkuu. Mota ya kilowati 2.2 ikishakolea inakula ampea 14 hivi, lakini pale inapoamka huvuta mara tano hadi saba ya hizo. Ukiipelekea umeme mita 30 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, volti 60 zinapotelea njiani wakati huo. Mota inanguruma bila kuzunguka, na kapasita, kile kifaa kinachoisaidia kuamka, ndiyo inayokufa kwanza. Vuta waya wa 4 peke yake kutoka ubao mkuu, upotevu utashuka hadi volti 23 hivi. Sakiti breka iwe ya ampea 20, aina C. Aina B inaweza kukata ikifika mara tatu ya kiwango chake, kwa hiyo itakuwa inaruka ukiwasha. Ongeza kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja, maana masika sakafu ya uani haikauki. Ekstensheni nayo usiitumie ikiwa imeviringwa kwenye roli: joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka.

Maranda_ya_Keko
Waya ni kweli, ila kinachoamua hapa ni nafasi. Mbao ya futi 12 ina mita 3.66. Kwenye mashine iliyosimama, mbao ndiyo inayotembea, kwa hiyo unahitaji urefu huo mbele ya bledi na urefu huo huo nyuma yake: zaidi ya mita 7. Kwa uwanja wako (a) haiingii, labda utoboe ukuta pande zote mbili, usawa wa bledi. Kwenye (c) mbao imelala, msumeno ndio unaosafiri.

Reli haina haja ya kununuliwa. Chukua plaiwudi ya milimita 9 (nene zaidi itakula kina cha bledi), upana sentimita 30, urefu mita 2.44. Juu yake, upande mmoja, gundisha na ukaze kwa skrubu kipande cha plaiwudi chenye upana wa sentimita 10, ukingo wake wa kiwandani ukitazama ndani. Egemeza bamba la msumeno kwenye ukingo huo, kata plaiwudi ya chini mwanzo hadi mwisho. Ukingo uliobaki ndio mstari wenyewe wa bledi: ulaze kwenye alama ya penseli, funga klempu mbili, kata. Bledi ya meno 24 kwa kupasua, 60 kwa plaiwudi ya kabati, na itokeze milimita 5 tu chini ya mbao.

Dada_Patasi
Kwa plaiwudi nakubali. Ila fremu za milango ya kabati zinataka vipande vingi vya sentimita 5, vyote upana mmoja, na reli haitulii juu ya kitu chembamba hivyo. Hapo msumeno wa meza hauna mpinzani. Usinunue usio na kisu nyuma ya bledi. Paini ya Mafinga mara nyingi inafika mjini ikiwa mbichi. Ukiipasua, mkato unajifunga nyuma, meno yanayopanda yanaibeba mbao na kukurushia tumboni. Kisu kile kinauacha mkato wazi. Hata hivyo, usisimame mstari mmoja na bledi.

Randa ya mkononi kwenye (b) ifute. Inalainisha, haitoi unene mmoja.

Kusi_Kaskazi
Hewa ya Dar msiisahau. Mbao iliyokaa kivulini hapa hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Meza ikienda chumba chenye kiyoyozi inasinyaa. Uso wa meza ufungwe kwa skrubu kwenye matundu marefu, usigundishwe kwenye fremu. Mbao mbichi ipangwe kwa vijiti vya inchi moja kila sentimita 60, kijiti juu ya kijiti. Kimoja kikihama, mbao inapinda palepale.

Chuma cha meza ya mashine kisuguliwe nta ya mshumaa. Dawa ya silikoni hapana, ikigusa mbao, vanishi itakimbia na kuacha vijicho, yaani vidoa vya mviringo visivyoshika vanishi. Ukikata mvule, tarajia mawe ndani yake, yanavunja meno ya bledi. Na barakoa ya P2, inayochuja vumbi laini, ni lazima: vumbi la mbao liliwekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995.

Uani_Tabata
Asanteni sana. Naelekea (c), msumeno wa meza baadaye. Mashine ya unene itanyoosha mbao iliyopinda?

Maranda_ya_Keko
Hapana. Rola zinaikandamiza inalala, inarandwa, ikitoka inarudi na upindo wake. Ilaze juu ya plaiwudi ya milimita 18 iliyonyooka, pale inapocheza chomeka kabari uzishike kwa gundi ya moto. Pitisha milimita 1 au pungufu kila mara, hadi uso wote wa juu uguswe. Ndipo utoe plaiwudi, ugeuze, urande upande wa pili. Ncha mbili huliwa zaidi, kama sentimita 5 kila moja, kwa hiyo urefu kamili ukatwe baada ya kuranda.