Naomba ushauri: shamba lililoachwa na wachimbaji wa dhahabu, Nzega

Habari zenu wakuu. Tuna shamba la familia Nzega, Tabora. Wachimbaji wadogo wamehama, wametuachia maduara (mashimo ya kuchimbia) wazi na rundo la marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu) pale walipokuwa na karasha (mashine ya kusaga mawe) na kuoshea kwa zebaki.

Maduara nimeanza kuyafukia, maana mifugo ya majirani inapita humo na watoto pia. Kifusi kinatangulia chini, udongo mweusi wa juu nauweka mwisho. Huko juu nataka kufunga ngitili, yaani kutenga eneo mifugo isiingie, migunga na majani viote vyenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni bondeni. Mvua imesomba marudio hadi mbugani (sehemu tambarare inayotuama maji), na ndugu zangu wanataka tulime mpunga hapo msimu huu. Zebaki haiozi, na kwenye udongo uliotuama maji vijidudu huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, ambayo mpunga huifyonza hadi kwenye punje. Chakula cha nyumbani hicho, na wajawazito tunao. Mimi nimekataa, ila wananiona nazuia riziki.

Aliyewahi kupima udongo wa namna hii anisaidie: sampuli za mtu binafsi nipeleke GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) Dodoma au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali? Nichimbe kina gani, na gharama zikoje? Halafu hayo marudio, niyakingie tuta nipande mkonge juu, au kuna njia salama ya kuyaondoa kabisa? Wanunuzi wa kuyachenjua kwa sianidi, watoe dhahabu iliyobaki, wameshaanza kunipigia simu, sitaki sumu ya pili.