Naomba ushauri: Blackmagic Pocket 4K au Sony FX30 kwa filamu fupi?

Habari zenu wakuu. Naandaa filamu fupi, kikosi ni watu wachache, na sehemu kubwa ya hadithi inatokea usiku ndani ya nyumba. Nimebaki na kamera mbili: Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K na Sony FX30.

Moyo wangu uko kwa Blackmagic. Inarekodi RAW (video ghafi, inayoacha nafasi kubwa ya kurekebisha rangi baadaye) yenyewe bila kifaa cha nje, na kwangu rangi ya ngozi ya waigizaji ndiyo jambo la kwanza. Lakini haina kituliza mtikisiko, fokasi yake haimfuati mtu anayetembea, na betri inaisha upesi mno. FX30 inafuata uso, inatulia mkononi, sensa yake ni kubwa zaidi, na inarekodi biti 10 (kiwango kizuri cha taarifa za rangi). Kwa asiye na msaidizi wa fokasi, hilo si jambo dogo.

Waliozitumia gizani: chembechembe zinaanza kuharibu picha kwenye ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) ngapi? Au nichukue kamera ya bei ndogo zaidi, ninunue lenzi ya f/1.8 (inayoingiza mwanga mwingi) na taa mbili nzuri?

Pia, zote hazina kichujio cha ND (cha kupunguza mwanga) ndani. Mchana nataka kubaki fremu 24 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde. Je, ND ya kuzungusha inaharibu rangi, au ninunue zile za kiwango kimoja kimoja?

Sauti nitarekodi kando, hiyo haina mjadala. Nielekezeni tafadhali, hasa mliopiga matukio ya usiku.