Naomba ushauri: hii tangawizi pori ya huku Washington inafaa kwa chai?

Mama Nasra: Habari zenu wakuu. Nipo jimbo la Washington, Marekani, upande wa Tacoma. Nyuma ya nyumba tuliyohamia kuna mierezi na misonobari mirefu, na chini yake ardhi imefunikwa na mmea mfupi, kimo cha shibiri moja tu, majani yana umbo la moyo na hayapukutiki hata wakati wa baridi. Ukilisugua jani linanukia tangawizi kabisa. Jirani anasema ndiyo tangawizi pori ya asili ya huku. Mama mkwe anakuja, na chai isiyo na tangawizi kwake ni maji ya moto. Nichimbe? Na je, nikiuhamishia kwenye kivuli mbele ya nyumba, nyasi zilikogoma, utashika?

Kisiki cha Mvule: Chimba dada, osha, twanga, tia sufuriani. Wenyeji asilia wa huko wameutumia kama dawa tangu enzi za mababu.

Mkulima wa Kivulini: Kisiki, usimponze mwenzio. Huo ni *Asarum caudatum*, unaota kuanzia British Columbia hadi California. Harufu tu ndiyo imefanana, ukoo mbali kabisa na tangawizi yetu. Jamii hiyo ina asidi ya aristolokia, inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Ubelgiji, miaka ya 1990 mwanzoni, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wa ukoo huohuo. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo juu ya bidhaa zenye asidi hiyo.

Kisiki cha Mvule: Mbona hao wazee hawakufa?

Mkulima wa Kivulini: Sumu hii haikutapishi leo ukajua. Figo zinachakaa kimyakimya, saratani inaweza kuja miaka mingi baadaye. Nani alikuwa akiwapima? Hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo hata "kidogo tu" sishauri.

Kupanda sasa, hapo nakuunga mkono. Gawa mashina yanayotambaa chini ya udongo vuli au mapema masika, kila kipande kiwe na majani na mizizi. Usiyafukie sana. Tia mboji ya majani, mwagilia kiangazi, maana huko Julai na Agosti mvua hukatika. Konokono wasio na kombe watayatoboa majani, wakague usiku. Chimba kwako tu, si hifadhini. Na ikifika Mei funua majani: ua la rangi ya damu ya mzee limejificha chini, lina mikia mitatu mirefu. Mbegu zake husombwa na sisimizi.

Mama Nasra: Ahsante sana mkuu. Mkwe atanunuliwa ya dukani. Ila nina mtoto wa miaka miwili anayetia kila kitu mdomoni, bado nipande?

Mkulima wa Kivulini: Basi mbele ya nyumba subiri akue. Na huko nyuma weka uzio.