Naombeni ushauri, nataka kujifungua bila kulazwa chali

Asalam aleikum dada zangu, niko Lamu hapa Langoni, mimba ya pili, wiki 36 sasa na moyo hautulii. Kifungua mimba nilizalia hospitali flani, nililazwa chali miguu juu tangu uchungu umeshika mpaka mwisho, kila nikitaka kugeuka ubavu nesi ananirudisha, kiuno kilikuwa kama kinapasuliwa, mwisho nikaongezwa njia na nikashonwa, siku kumi sikuweza kukaa kitako hata kunyonyesha nilikuwa naegemea mto.

Sasa bibi yangu ashawahi kuzalisha wengi, anasema wao walikuwa wapiga magoti wameshika leso imefungwa kwenye boriti, mtoto anashuka mwenyewe. Na kliniki nesi mmoja mpole kaniambia hata WHO tangu 2018 wasema mama achague mkao mwenyewe, na kuwa wima hupunguza kukatwa lakini damu yaweza kutoka zaidi kidogo. Hapo kwa damu ndio naogopa, manake yangu ni ndogo, nameza vidonge vya madini ya chuma kila siku.

Mliozaa kwa kupiga magoti, kuchuchumaa au kulala ubavu, ilikuwaje? Na manesi mliwaambia saa ngapi, mkiingia tu wodini au mapema kliniki? Mume wangu yuko tayari kunisemea ila wodini haruhusiwi. Kulala ubavu kwafaa mwenye damu ndogo? Nijibuni tafadhali, siku zakaribia.